Mbwa Anapowaswaga Watoto Kama Kondoo: Mwongozo kwa Nyumba Yenye Mbwa na Watoto Wadogo

Jumamosi moja jioni watoto walikuwa wakicheza rede nyuma ya nyumba yetu, huku Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha. Walikuwa sita: wawili wangu na wanne wa majirani. Bosi, mbwa wetu chotara wa German Shepherd, alikuwa na miezi kumi na mmoja. Mwanzoni alilala tu akiwatazama. Kisha akainuka, kichwa kimeshuka usawa wa mabega, mkia chini, akaanza kuzunguka. Kila mtoto aliyechomoka kuelekea kwenye migomba alikatiwa njia na kurudishwa. Haikuchukua muda, wote sita walikuwa wamesongamana kwenye kona ya tangi la maji, wanacheka. Sisi wakubwa tuliokaa barazani nasi tukacheka. "Anawalinda hao," alisema shemeji.

Mara kitinda mimba wangu, wa miaka mitatu, akajitoa kundini akinikimbilia. Bosi akamfuata kwa nyuma na kumbana kwa meno, juu kidogo ya kisigino. Ngozi haikuchanika. Zilibaki alama mbili nyekundu, na mtoto akakaa wiki nzima hataki kushuka barazani peke yake.

Bosi hakuwa akiwalinda. Alikuwa akiwaswaga, kama mbwa wa machungani anavyoswaga kondoo. Nilichelewa kuelewa tofauti hiyo, na ndiyo sababu naandika mwongozo huu. Silika hii haifutiki kwa viboko wala kwa umri, lakini inatawalika. Mzigo wa kuitawala ni wa mtu mzima. Usimwachie mtoto wa miaka mitatu.

Kwanza ujue unachokiona

Mbwa wote wametokana na mbwa mwitu wa kijivu (wolf), si yule wa mbuga zetu, na mwindaji huyo ana mlolongo wake: hukazia macho, hunyemelea, hukimbiza, hukamata, huua. Wafugaji wa kale waliozalisha mbwa wa kuswaga mifugo waliuimarisha mwanzo wa mlolongo huo na kuupunguza makali mwisho wake. Ndiyo maana mbwa hawa hukimbiza kwa ari kubwa bila nia ya kula. Hata hivyo "kupunguza makali" si kuondoa. Meno bado yamo kazini.

Namna ya kufanya kazi hutofautiana kwa jamii. Border Collie, aliyetokea mpakani mwa Uingereza na Uskoti, hutumia macho: hujikunyata, hukazia, na kondoo husogea wenyewe. Wengi wa ukoo huo wanarudi kwa dume mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 Northumberland, na aliyesifiwa kwa kuwatawala kondoo kimya kimya, bila vurugu. Corgi na Australian Cattle Dog walizalishwa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe hasogei kwa kutazamwa, kwa hiyo wao hung'ata visigino kisha hujitupa chini kukwepa teke. German Shepherd, ambaye sisi tumezoea kumwona getini na kwa askari, naye alianza machungani. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa aliyempa jina la Horand von Grafrath, na huyo ndiye aliyeandikwa wa kwanza katika daftari la ukoo huo. Kazi yao ilikuwa kukimbia kwenye mpaka kati ya kondoo na shamba la nafaka, kwenda na kurudi kutwa nzima, wakiwa kama ua linalotembea. Nilipolijua hilo nikaelewa kwa nini Bosi alikuwa akikimbia kwenye mstari uleule kati ya watoto na migomba mpaka nyasi zikaisha.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Wafugaji wetu huswaga ng'ombe wenyewe, kwa fimbo na mluzi, na mbwa wa boma kazi yake kubwa ni kubweka na kukaa macho. Ndiyo maana wengi wetu hatukukua tukiiona tabia hii, na tukiiona tunaiita ulinzi au mchezo.

Sasa mtazame mtoto wa miaka mitatu kwa jicho la mbwa wa aina hii. Ni mdogo, anakimbia ghafla, anageuka bila taarifa, anapiga kelele nyembamba, anaanguka, anainuka. Hakuna kondoo anayeita silika hiyo vizuri kuliko yeye.

Dalili za kuangalia huja kwa mpangilio, na ukizijua utawahi kabla ya meno. Mdomo uliokuwa wazi unafungwa. Masikio yanaelekea mbele. Mwili unashuka, mguu mmoja wa mbele unaweza kuning'inia hewani. Macho hayapepesi. Baada ya hapo ndipo anaanza kuzunguka, kukata njia, kusukuma kwa bega au pua, kisha kubana kisigino, shavu la mguu au pindo la nguo. Mimi hufuata mdomo. Bosi akifunga mdomo huku watoto wakikimbia, nina kama sekunde mbili.

Mchezo hauko hivyo. Mbwa anayecheza huinamisha kifua na kuinua makalio, mwili umelegea, mdomo wazi, na hupokezana: leo nakukimbiza, sasa nikimbize. Na hasira au hofu nayo ina sura yake: mwili mkakamavu, kunguruma, mdomo wa juu kupanda, weupe wa macho kuonekana pembeni. Ukiona hayo ya mwisho, mwongozo huu haukutoshi. Mtafute daktari wa mifugo kwanza, kwa sababu mbwa mwenye maumivu ya sikio, jino au nyonga anaweza kubadilika tabia bila sababu nyingine.

Hatua ya kwanza: watenganishe, kuanzia leo

Kabla ya kumfundisha lolote, mzuie asiendelee kulifanya. Kuswaga kunampa mbwa raha kwa kwenyewe, hahitaji umpe mfupa. Kila jioni anayofanikiwa kuwabana watoto kwenye kona ni somo alilofaulu, na kesho atalirudia kwa ustadi zaidi.

Kwa hiyo weka kizuizi. Sisi tulimwita fundi akachomelea kigeti cha nondo cha urefu wa mita moja na robo kwenye mlango wa uani, nafasi kati ya nondo ikiwa ndogo kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipiti. Mbao au uzio wa waya vinafaa pia. Jambo la msingi ni mbwa awe na upande wake wenye kivuli, maji na kitu cha kutafuna, na watoto wawe na upande wao.

Ukiwa nao pamoja, mvalishe mbwa mkanda wa kifuani wenye kamba nyepesi ya mita mbili au tatu inayoburuzika chini. Hiyo ni kwa ajili ya mkono wako wewe, ili umzuie bila kumkimbilia na kupiga kelele. Usimpe mtoto aishike kamba hiyo, na ivue mbwa anapobaki peke yake isije ikanasa.

Usimfunge mnyororo mchana kutwa ukadhani umemaliza. Mbwa aliyefungwa sehemu ambapo watoto wanapita wakikimbia, akiwaona na asiwafikie, hujaa hamasa mpaka inageuka hasira. Siku mnyororo unakatika, au mtoto anaingia ndani ya duara lake kufuata mpira, ndiyo siku ya balaa.

Na sheria ambayo kwangu haina mjadala: mtoto mdogo na mbwa hawaachwi pamoja bila mtu mzima anayewatazama. Anayewatazama, si aliye jikoni akisikiliza. Dada wa kazi naye ahesabiwe katika hili, tena kwa uwazi. Kama anapika na kufua, hawezi pia kuwa mlinzi wa mbwa na watoto. Saa hizo kigeti kifungwe.

Hatua ya pili: wafundishe watoto kuwa mgomba

Mtoto akikimbia, mbwa anakimbiza. Mtoto akisimama, kazi ya mbwa inakwisha, kwa sababu kondoo aliyesimama hana cha kuswagwa. Hilo watoto wanaweza kulijifunza, na huku kwetu Meru tuna mfano mzuri shambani.

Wafundishe hivi, mbwa akiwa mbali kabisa au amefungiwa. Ukisema "Mgomba!" kila mtoto anasimama alipo. Mizizi imeingia ardhini: miguu haitoki. Majani yanalala: mikono inakunjwa kifuani au inashuka kando ya mwili, haipungi. Mgomba hauongei, na hauangalii mbwa machoni, unaangalia vidole vyake vya miguu. Wanakaa hivyo mpaka mtu mzima aje au mbwa aondoke. Tulicheza mchezo huu kila jioni kwa muda wa wiki mbili, mimi nikijifanya mbwa, na aliyetulia kuliko wote alipata kipande cha muwa. Watoto wa miaka mitano na kuendelea walishika upesi.

Akiangushwa chini, anakuwa jiwe: anajikunja, magoti tumboni, uso chini, mikono ikifunika shingo na masikio. Hili lifundishe kwa upole, lisigeuke kuwa hadithi ya kutisha.

Waambie pia wasimkimbize mbwa, wasimpande mgongoni, wasimsogelee akiwa anakula au amelala, wasimvute mkia. Lakini nakusihi usijidanganye kuhusu mtoto wa chini ya miaka minne. Leo anakuwa mgomba hodari, kesho anamwona kipepeo. Kwake kinga ni kigeti na mtu mzima.

Wafikirie na watoto wa majirani. Majirani zetu wa upande wa kulia ni Waislamu, na watoto wao hupita getini kwetu wakitoka madrasa. Kwao mate ya mbwa ni najisi. Mbwa akimgusa mtoto kwa mdomo wake, hata bila kumuumiza, sehemu ile huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo kule kusukumwa kwa pua ambako mimi ningekuita kitu kidogo, kwa mwenzangu si kidogo. Nilienda kwa mama yao, nikamweleza mbwa yuko vipi na tunafanya nini, tukapatana kwamba watoto wapige hodi na kusubiri mpaka mbwa afungiwe. Mazungumzo hayo yalichukua nusu saa na kikombe cha chai, na ningeshauri uyafanye kabla ya tukio.

Hatua ya tatu: maneno matatu ambayo nyumba nzima inayajua

Wachungaji wa Uingereza na Uskoti wana amri za kumtuma mbwa kushoto na kulia, lakini ninayoiheshimu zaidi ni ile ya kumwambia kazi imekwisha. Mbwa hodari, hata akiwa katikati ya mbio, akiisikia huwaacha kondoo na kurudi kwa mchungaji. Mbwa wa nyumbani ana silika ileile, ila hana mtu aliyempa neno la kuanzia wala la kuachia. Anajipangia zamu mwenyewe.

Sisi neno letu ni "Basi". Mengine mawili ni "Njoo" na "Mkekani". Chagua yako, kwa Kiswahili au lugha yoyote, lakini yawe mamoja kwa baba, mama, bibi, dada wa kazi na mlinzi. Mbwa anayeambiwa "acha" na huyu, "toka" na yule, na "wewe!" na wa tatu, hana alichoambiwa.

Malipo ni maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vidogo kama ukucha wa kidole kidogo, au dagaa wakavu. Vipunguze kwenye chakula chake cha siku. Fundisha dakika tatu mpaka tano tu kwa kipindi kimoja, mara mbili au tatu kwa siku, watoto wakiwa hawapo.

Anza na "Mkekani". Tandika mkeka chakavu au gunia. Tupa kipande cha ini juu yake. Akiingia na miguu yote minne, mpe kingine. Akilala mwenyewe, mpe vitatu mfululizo, kimoja kimoja, kati ya miguu yake ya mbele. Baada ya siku chache ataanza kwenda mkekani akikuona umeshika kibakuli. Hapo ndipo unaongeza neno, na polepole unaongeza muda: sekunde tano, kumi, dakika, mpaka aweze kulala pale dakika ishirini akitafuna mfupa.

"Basi" lifundishe kwa kumwita katika mambo mepesi. Ananusa nyasi, sema "Basi" mara moja kwa sauti ya kawaida, rudi nyuma hatua mbili, na akigeuka kukutazama mlipe. Baadaye, anamtazama kuku. Baadaye, paka. Usilitumie kwa watoto wanaokimbia mpaka uwe na uhakika nalo, maana neno linalopuuzwa mara tano linakufa, na itakubidi utafute jingine.

Hatua ya nne: mtoto mmoja, kwa mbali, kidogo kidogo

Hii ndiyo hatua inayochukua muda mrefu, na ndiyo iliyobadilisha nyumba yetu. Siri yake ni umbali. Kila mbwa ana umbali ambao anaweza kumwona mtoto anayekimbia na bado akafikiri. Ukiwa karibu zaidi ya hapo hamfundishani kitu, anaendeshwa na damu.

Sisi tulitumia uwanja wa shule ya jirani siku za Jumapili. Msaidizi wangu alikuwa mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, siyo mtoto mdogo. Mimi na Bosi mwisho mmoja, kamba mkononi; yeye mwisho mwingine, kama mita arobaini. Alitembea tu. Bosi akimtazama, nasubiri. Masikio yanasogea, pua inanusa, kisha anageuza kichwa kwangu: ini. Tena: ini. Baada ya kama mara kumi alikuwa akimwona mpwa wangu na kunigeukia mara moja, kana kwamba mtoto ndiye kengele ya chakula. Hilo ndilo unalolitafuta. Unabadilisha maana ya mtoto anayesogea, kutoka "mkimbize" kuwa "mtazame bosi wako".

Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Mtoto anatembea kwa kasi. Anakimbia taratibu. Anakimbia sana. Anakimbia na kupiga kelele. Anakimbia na mpira. Wanakuwa wawili. Kila unapoongeza ugumu upande mmoja, ongeza umbali upande mwingine: mpwa wangu alipoanza kukimbia nilirudi nyuma mita kumi. Baiskeli tuliiacha mwisho kabisa, na mpaka leo ndiyo inayomsumbua.

Utajuaje umekwenda haraka? Anakataa ini. Au analichukua kwa kukwapua, anaumiza vidole, macho yakibaki kwa mtoto. Usimgombeze wala usimvute kwa nguvu. Ondoka naye, ongeza mita kumi na tano, mpe la rahisi alifaulu, mrudi nyumbani. Siku mbaya ikishaanza kuwa mbaya haikomboleki kwa kukazania.

Sisi ilituchukua kama miezi minne kufika mahali ambapo watoto wawili wanaweza kukimbia uani naye amelala mkekani, kamba iko chini ya mguu wangu. Mbwa wako anaweza kuhitaji muda mfupi zaidi, au mara mbili yake.

Hatua ya tano: mpe kazi, na mpe usingizi

Silika isiyo na mahali pa kwenda itajitafutia. Mpe mpira mkubwa mgumu asioweza kuukamata kwa meno, ausukume kwa pua na kifua. Dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kifuniko vizuri linafaa pia, ingawa lina kelele na utalibadilisha kila mwezi. Mchezo wa kuvuta kamba ni mzuri kama unaanza kwa neno lako na kuisha kwa "Basi". Na ule ninaoupenda kuliko yote: chukua chakula chake cha asubuhi, kitawanye nyasini, akitafute kwa pua. Dakika kumi na tano za kunusa humtuliza kuliko nusu saa ya kukimbizana.

Kuwa mwangalifu na kurusha mpira mara hamsini kila jioni. Watu wengi hufikiri wanamchosha, kumbe wanamjengea stamina na kumfundisha kuwaka kila kitu kinaporuka. Mara chache, sawa.

Panga siku yako kwa saa za hatari. Kwetu watoto hurudi shule kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, na hapo ndipo kelele zinaanza. Kwa hiyo matembezi ni alfajiri, chakula cha kutafuta nyasini ni saa nane na nusu, na watoto wanapoingia getini Bosi yuko upande wake na mfupa, ameshashiba na anasinzia. Mbwa mzima hulala sehemu kubwa ya siku, na mbwa mchanga aliyekosa usingizi hana breki, sawasawa na mtoto aliyekosa usingizi.

Akibana mtoto licha ya yote

Usipige kelele, kelele ni moto mwingine. Nenda kwenye kamba, sema "Basi", mtoe kimya kimya mpaka upande wake, funga kigeti, kaa dakika mbili tatu. Mhudumie mtoto. Halafu andika: saa ngapi, nani alikuwepo, walikuwa wakicheza nini, mbwa alikuwa ameshinda wapi. Mimi niliandika kwenye daftari la shule, na baada ya mwezi niliona kitu ambacho nisingekijua kwa kukumbuka tu: karibu kila tukio lilikuwa baada ya saa kumi na moja jioni, siku ambazo hakutembezwa asubuhi.

Usimpige. Najua tulivyolelewa na tunavyowalea mbwa, na najua jirani atasema mbwa asiyechapwa hana adabu. Lakini mbwa anayechapwa mtoto akiwa karibu hajifunzi kwamba kubana ni kosa. Anajifunza kwamba mtoto akija, maumivu yanakuja. Umemwekea sababu ya pili ya kumng'ata, na hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Wala usimwadhibu kwa kunguruma. Ngurumo ni onyo analokupa wewe. Ukimnyamazisha, safari ijayo atang'ata bila onyo.

Ngozi ikichanika

Hapa hakuna kusubiri. Osha jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, ukitazama saa. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani na mtoto atalia, endelea. Usipake majivu, pilipili, mafuta wala dawa ya meno. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mkwaruzo ni mdogo na hata kama mbwa ana cheti cha chanjo; beba cheti hicho, mhudumu ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu wote hufa. Chanjo ikiwahi, huzuia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15.

Usimuue mbwa kwa hasira. Mbwa aliye hai hufungiwa na kuangaliwa kwa siku kumi, na hali yake ndani ya siku hizo humsaidia daktari kuamua matibabu ya mtoto. Na kama hujamchanja mbwa wako, acha kusoma hapa, panga kwanza siku ya kwenda kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyosema.

Lini ukubali kwamba haitoshi

Kuna mbwa na nyumba zisizoendana, na kusema hivyo si kushindwa. Kama anachana ngozi zaidi ya mara moja, kama analenga uso au shingo, kama ananguruma mtoto akipita karibu na sahani yake, au kama matukio yanaongezeka licha ya kigeti na mafunzo, usimpe nafasi nyingine uani. Mtenganishe kabisa, muone daktari wa mifugo, na ufikirie kumpa mtu mzima asiye na watoto wadogo, ukimweleza ukweli wote. Usimpeleke tu "kijijini kwenye mifugo" ukiamini atapata kazi yake. Kijijini kuna watoto, na mbwa asiyefundishwa akiachiwa mbuzi huwaumiza.

Na kama bado hujachukua mbwa, na una mtoto wa miaka miwili, na unampenda Border Collie uliyemwona kwenye video: subiri miaka mitatu.

Bosi sasa ana miaka minne. Watoto bado wanacheza rede kila Jumamosi, na kila Jumamosi yeye yuko nyuma ya kigeti cha nondo, mkekani, na mfupa. Sijawahi kumwachia wakati wa rede na sitamwachia. Mpira ukishawekwa juu ya kabati na watoto wakikaa kula mahindi ya kuchoma, ninafungua. Huja akinusa visigino vyao kimoja kimoja, mdomo wazi, mkia ukipepea, kisha hulala miguuni pa kitinda mimba wangu, ambaye humtupia punje moja moja.